Alizimia akiwa kwenye methadoni: je, aiache?

SWALI: Shikamoo daktari. Mdogo wangu ameacha unga (heroini), sasa anakunywa methadoni, dawa ya kumsaidia asirudie, miligramu 120 kila siku kliniki. Wiki iliyopita duka la dawa walimpa flukonazoli ya fangasi. Jana kashikwa na kizunguzungu, akaanguka na kuzimia kidogo. Majirani wanasema methadoni inaharibu moyo, aiache. Ni kweli?

JIBU: Marahaba, dada. Mpelekeni leo hii hospitali yenye kipimo cha ECG, yaani cha umeme wa moyo. Flukonazoli asimeze tena mpaka aonwe, na kliniki wajue kwamba alizimia kabla hawajampa dozi ya leo.

Majirani wana ukweli nusu. Kila baada ya pigo, seli za moyo hutoa potasiamu ili zijiandae kwa pigo linalofuata. Methadoni huziba kiasi njia inazopitia potasiamu hiyo, maandalizi yakachelewa. Kwenye ECG tunaliona hilo kama QT ndefu; QT ni muda kuanzia pigo linapoanza hadi moyo umalize kujiandaa. Ikifika milisekunde 500 na kuendelea, mapigo yanaweza kuvurugika ghafla. Mtu huzimia, au hufa palepale. Dozi ikipita miligramu 100 tunakuwa macho zaidi.

Ila mimi namshuku zaidi mgeni aliyeingia wiki iliyopita. Flukonazoli hulizuia ini kuivunja methadoni, kwa hiyo 120 ileile hulundikana mwilini. Na yenyewe pia hurefusha QT! Eritromaisini (antibayotiki), kwinini ya malaria na haloperidoli ya magonjwa ya akili nazo ni za kuogopwa hapa. Kuhara na kutapika navyo humaliza potasiamu mwilini, na hilo pia hurefusha QT. Rifampisini ya TB hufanya kinyume: hushusha methadoni, arosto (mateso ya mwili kukosa dawa) ikarudi, mgonjwa akaongezewa dozi. Akimaliza TB methadoni hupanda tena, na mara nyingi hakuna anayekumbuka kuipunguza.

Kuiacha ghafla sikubaliani nako kabisa. Wengi hurudia unga, na mwili ambao umeshausahau huzidiwa na kipimo cha zamani, pumzi zikakata. Kliniki wana njia nyingine: kubadili dawa ya fangasi, kurekebisha potasiamu na magnesiamu, kupunguza methadoni taratibu, au kumhamishia buprenofini, dawa nyingine ya walioacha unga, ambayo athari yake kwa QT ni ndogo sana.

Nendeni na pakiti za dawa zote anazotumia, hata za kikohozi. Na usiku huu asilale peke yake: akikoroma isivyo kawaida au asiamke mkimtikisa, hiyo ni dharura, msingoje kukuche.