Dokta anauliza: pango na mafuta ya gari naweza kuyatoa kwenye kodi?

SWALI: Nimeajiriwa hospitali moja hapa Mwanza, Jumamosi naenda kliniki ya binafsi Sengerema wananilipa kwa siku. Nyumbani Buswelu chumba kimoja nimekifanya ofisi. Jamaa kaniambia natoa pango lote na mafuta yote ndo nalipa kodi. Kweli?

JIBU: Dokta, huyo jamaa ni kishoka. Swali hili naletewa kila mwezi, kishoka anabadilika sura tu.

Mshahara wa hospitali sahau. Ukishakatwa PAYE (kodi ya mshahara anayoikata mwajiri) hakuna cha mafuta wala cha chumba, na safari ya Buswelu mpaka kazini ni juu yako hata kama umeitwa saa nane usiku. Hapo ndo hamtaki kuelewa! Tunaongelea hela ya Sengerema tu, na Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 inataka gharama iwe ya kutafutia hela hiyo, basi. Mafuta ya Jumamosi yanaingia (tiketi za kivuko cha Kigongo zimeisha tangu daraja lifunguliwe 2025) ila andika tarehe, kilomita na ulikoenda, ukipitiliza Geita kumsalimia mama mkwe hiyo ni yako. Risiti iwe ya EFD (mashine ya risiti za kodi) yenye TIN yako, yaani namba yako ya mlipakodi, na uipige picha siku hiyohiyo, maana ikikaa kwenye dashibodi na jua hili maandishi yanafutika, nimeshaletewa bahasha nzima ya karatasi nyeupe. Na ile 5% ya zuio, kodi wanayokukata kliniki kabla ya kukulipa, dai cheti chake, inapunguzwa kwenye kodi yako, halali kabisa, na hakuna anayeiulizia.

Chumba sasa. Mmoja alinionyesha "ofisi" yake, nakuta pasi, kitanda cha mtoto na katuni zinaendelea kwenye TV. Kiwe cha kazi kweli, halafu unadai pango la sehemu ya chumba hicho, siyo la nyumba nzima. Na kishoka hili hakwambii: ukishasema pango ni gharama ya biashara, inabidi umkate mwenye nyumba zuio la 10% upeleke TRA. Ushamwambia baba mwenye nyumba?

Wanaoniudhi zaidi ni wauza risiti. Unauziwa risiti za mafuta ya magari ya watu, kodi inashuka, unamnunulia na soda. Siku afisa anakuuliza lita 200 kwa siku moja uliziweka wapi kwenye IST, kishoka hapokei simu na ritani, ile taarifa ya kodi uliyopeleka, ina jina lako.