Supachaja kwenye 1FZ iliyotoka ovahoo
Mkuu umeuliza kama hiyo 1FZ yako, injini ya petroli ya Land Cruiser, iliyotoka ovahoo juzi (kufunguliwa na kusukwa upya) unaweza kuifunga supachaja, kile kifaa cha kusukumia hewa ya ziada kwenye injini, wiki hii hii, aisee subiri. Ringi mpya za pistoni bado hazijakaa vizuri kwenye silinda, ukisukumia hewa ya presha sasa hivi gesi inapita pembeni ya pistoni inashuka kwenye sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, utaona moshi wa bluu halafu ugombane na fundi bure. Wala usiiache inanguruma sailensa, yaani bila kukanyaga mafuta, nusu saa getini ukidhani unaitunza, ringi zinakaa kwa mzigo.

Mi yangu niliipeleka Moshi na kurudi Arusha kama mara nne hivi, kwenda tu ni kama kilometa 80, unakanyaga mpaka nusu, unaachia gia ishike, spidi using'ang'anie moja, na kushuka kuelekea Boma Ng'ombe kunasaidia sana. Oili weka ya kawaida sio sinthetiki, mwaga kwenye kilometa 500 na filta yake, ya kwangu ilitoka inametameta kama rangi ya kucha nikashtuka kweli, kumbe ndo vyuma vinasagana. Ikifika 1,500 pima kompresheni, yaani presha ya kila silinda, kwenye zote sita, zikilingana ndo tuongee supachaja.

Halafu fundi alikuwekea pistoni za kompresheni gani? Muulize kabla hujatoa hela, maana supachaja inaongeza presha juu ya hiyo.