Ukimbadilisha mhusika mwili, mwandikie na gharama yake

Katika mswada wangu wa kwanza wa riwaya ya kisayansi kulikuwa na askari asiyesikia maumivu. Wataalamu wa jeshi walizima jeni moja kabla hajazaliwa, basi akawa anapigwa risasi na kuendelea kukimbia. Niliona nimepatia kweli. Nikampa rafiki yangu muuguzi ausome, akaurudisha na swali moja la penseli pembeni mwa ukurasa: “Nani anamkagua miguu usiku?”

Sikumwelewa mpaka nilipokwenda kusoma. Jeni hiyo ipo, inaitwa SCN9A. Mwaka 2006 watafiti walieleza habari za familia tatu za kaskazini mwa Pakistan ambamo baadhi ya watoto walizaliwa bila kuhisi maumivu kabisa, kwa sababu ya kasoro kwenye jeni hiyo. Walikuwa wamejing’ata ndimi na midomo. Walikuwa na mifupa iliyovunjika na kujiunga bila mtu kujua. Maumivu ndiyo yanayotufanya tujigeuze usingizini, tutoe kokoto kiatuni, tuchechemee mpaka kifundo kipone. Askari wangu asingefika hata kambini.

Nikaandika upya. Sasa kila usiku anavua viatu, anashika kioo kidogo na kuzikagua nyayo, kidole baada ya kidole, kisha anapitisha ulimi ndani ya mashavu akitafuta ladha ya damu. Nimefuta mapigano mawili na sijayakumbuka tena.

Ndiyo maana namwambia kila anayeanza: usitangulize uwezo mpya, tangulia kuuliza mwili umelipa nini. Jeni ni nadra kuwa na kazi moja tu. Ile ya selimundu, ukirithi nakala moja inakukinga na malaria kali. Ukirithi mbili, unaugua maisha yako yote. Ukiifuta kwa watu wote katika riwaya yako, mbu wamo bado? Swali dogo kama hilo limenipa hadithi nzima.

Kingine ni ile sindano moja usiku, asubuhi mtu ana mabawa. Tafadhali, iache. Tiba ya kwanza ya CRISPR, yaani mbinu ya kuhariri jeni, iliidhinishwa Uingereza Novemba 2023, na moja ya magonjwa inayotibu ni huohuo wa selimundu. Mgonjwa anatolewa seli shina za damu, zinahaririwa maabara, halafu yeye anapewa dawa kali za kemo za kuua uboho wa zamani ndipo arudishiwe seli zake. Nywele zinanyonyoka. Kinga inashuka, anakaa hospitali wiki kadhaa akiogopa hata kikohozi cha mgeni. Mwandishi anayeruka kipindi hicho anatupa sura bora kuliko zote, maana hapo mtu si wa zamani tena na bado si mpya.

Amua mapema pia kama badiliko litaishia kwake au litarithiwa. Tiba niliyoitaja haimfikii mtoto wa mgonjwa. Lakini mwaka 2018 He Jiankui, mwanasayansi wa China, alitangaza kuzaliwa kwa mapacha waliohaririwa wakiwa viinitete, na mwaka uliofuata akahukumiwa kifungo cha miaka mitatu. Mapacha hao hawakuulizwa. Mhusika aliyechagua na mhusika aliyechaguliwa hawana hasira ya aina moja, usiwachanganye.

Kuhusu viungo vya chuma sina mengi: mkono unaoinua lori umefungwa kwenye bega la mfupa, na bega ndilo litakalong’oka.

Nimalizie na jambo nililolipata mwilini mwangu. Niliwahi kuvunjika mkono nikakaa na plasta wiki sita. Siku ilipofunguliwa, nilikuta mkono mwembamba, wenye magamba, mwepesi hata ukanitisha ulipoinuka wenyewe. Kwa siku kadhaa nilikuwa nasema “huu mkono” badala ya “mkono wangu,” wala sikujisikia nikisema hivyo. Mama ndiye aliyenigutusha. Kiswahili kinatupa chombo hiki bure. Mhusika wangu mwenye mkono wa maabara anasema “ule mkono” sura mbili za mwanzo, hata ukiwa umelala mapajani mwake. Kisha anasema “huu.” Katika sura ya saba mtoto anauminya mlangoni, naye anapiga kelele, “Mkono wangu!” Sikuongeza maelezo yoyote chini yake.