Kichefuchefu baada ya upasuaji: yaliyonisaidia mimi

Nilipofanyiwa upasuaji wa uvimbe kwenye kizazi hapa Mwanza, maumivu ya mshono nilikuwa nimejiandaa nayo. Kichefuchefu sikukiwazia kabisa. Nilizinduka kwenye nusu kaputi dari ikiyumba kama niko kwenye feri ya Ukerewe siku ya upepo.

Kumbe hilo la feri lina maana. Mtu anayetapika safarini, hasa mwanamke asiyevuta sigara, ndiye anayesumbuliwa zaidi na usingizi wa upasuaji. Mimi natapika kila nikivuka ziwa, na sikumwambia mtaalamu wa usingizi. Wewe mwambie mapema.

Jioni mama mdogo akaja na hotipoti ya supu ya sangara, kwa upendo wote. Alipofungua kifuniko tu, nikatapika. Kutapika na mshono mbichi tumboni, jamani, unahisi unachanika. Nesi akanipa mto niukumbatie, niubane juu ya kidonda kila nikihisi inakuja. Ulisaidia mno. Kisha akachana kipakiti cha kipamba cha spiriti, kile cha kufutia ngozi kabla ya sindano, akakiweka karibu na pua yangu. "Vuta taratibu kwa pua, mama, toa kwa mdomo." Pumzi ya tatu, tumbo likatulia. Harufu hiyo haikai sana, kwa hiyo unarudia.

Usiku mama mdogo alinibonyeza mkono usio na dripu. Laza vidole vitatu upande wa ndani, kuanzia mkunjo ulio pale kiganja kinapoungana na mkono, kuelekea kwenye kiwiko. Pale kidole cha tatu kinapoishia, kati ya kano mbili, bonyeza kwa gumba dakika mbili tatu. Niliona nafuu.

Maji usinywe mpaka uruhusiwe, na ukiruhusiwa anza na kijiko kijiko. Usiinuke ghafla. Tangawizi vuguvugu ni nzuri, ila kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, muulize daktari kwanza. Na ndugu wafungulie vyakula nje ya wodi.

Ukitapika mfululizo, ukaona damu au rangi ya kijani, au tumbo likajaa na huwezi kutoa ushuzi, mwite nesi hapo hapo. Dawa za kuzuia kutapika zipo. Ziombe, usione haya.