Sindano umeacha, siku zako hazijarudi: hakuna uchafu wa kusafisha

SWALI: Shikamoo dokta. Nina miaka 29, naishi Mbagala, nina mtoto mmoja. Nilitumia sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu kwa miaka miwili. Ya mwisho nilichomwa Agosti mwaka jana, nikaacha kwa sababu mimi na mume wangu tunataka mtoto wa pili. Sasa ni Aprili na sijaona siku zangu. Dada mmoja anayeuza dawa za asili alinipima kwa mashine ya kushika mkononi, akasema damu ya miaka miwili imejikusanya, kizazi kimechafuka na mirija imeziba. Amenipa vidonge vya kuweka ukeni, dozi nzima sh. 90,000. Nimeshaweka vitatu na kweli uchafu mwingi umetoka. Nimalizie dozi? Wifi yangu alizitumia akashika mimba.

JIBU: Marahaba. Usimalizie. Kama kuna kilichobaki ndani, kitoe leo, na ukishindwa nenda kituo cha afya wakutolee bila kuona aibu. Kisha nunua kipimo cha mimba cha mkojo, kinauzwa bei ya chini kuliko sahani ya chipsi mayai. Yai la kwanza baada ya sindano linaweza kupevuka kabla hujaona damu yoyote, kwa hiyo mwanamke anaweza kushika mimba huku bado anaisubiri hedhi. Nashangaa aliyekuuzia dawa ya sh. 90,000 hakukuuliza hilo kwanza.

Sasa hiyo damu ya miaka miwili. Haipo. Kila wiki naambiwa habari zake, na kila wiki narudia: haipo. Hedhi ni ukuta wa ndani wa mji wa mimba uliojengeka mwezi mzima kisha ukabomoka. Sindano inazuia mayai kupevuka na kuufanya ukuta huo ubaki mwembamba. Kisichojengwa hakibomoki, basi hakuna kinachotoka na hakuna kilichonasa. Wanaofikisha mwaka mmoja kwenye sindano hii, wapatao nusu hawaoni siku zao kabisa, na matumbo yao hayana ghala la damu.

Ipo hali ambayo damu hunasa kweli. Wako mabinti wachache wanaozaliwa njia ikiwa imezibwa na utando. Wakivunja ungo damu haipati pa kutokea, wanaumwa tumbo vibaya kila mwezi, na kwenye ultrasaundi inaonekana waziwazi. Wewe umezaa. Si wewe.

Kilichokutokea kina jina la kawaida: kuchelewa. Sindano ya miezi mitatu huzuia mimba kwa miezi mitatu, lakini dawa yenyewe hutoka mwilini polepole kuliko hapo. Kwa wastani wanawake wanaoiacha hushika mimba miezi 10 hivi tangu sindano ya mwisho, wengine mapema, wengine hupita mwaka. Wewe uko mwezi wa nane. Na kuitumia miaka miwili au mitano hakuongezi huko kuchelewa. Kosa lipo kwetu pia watoa huduma: jambo hili linapaswa kusemwa siku ya kwanza, kwa sababu anayetaka mtoto ndani ya mwaka mmoja anafaa kushauriwa njia nyingine, kwa mfano vidonge, kijiti au kitanzi, ambazo ukiziacha uwezo wa kushika mimba hurudi upesi.

Hapo ndipo biashara ya huyo dada inapopata riziki. Mwanamke anamfikia mwezi wa nane au wa tisa akiwa na hofu, mama mkwe ameanza kuuliza. Anauziwa dozi. Mwezi wa kumi na moja anashika mimba ambayo ingekuja hata kama angekunywa maji matupu, na picha ya kipimo chenye mistari miwili inarushwa kwenye makundi ya WhatsApp kuwa ushuhuda. Wifi yako ni mmoja wao, naamini. Ambaye hakushika mimba harushi picha. Anaambiwa uchafu wake ni sugu, aongeze dozi.

Na ule uchafu uliouona? Kidonge cha ukeni hakifiki kwenye kizazi. Mlango wa kizazi ni mwembamba na umezibwa na ute mzito. Kinaishia ukeni, na huko kinawasha na kuunguza ngozi laini, nayo inajitetea kwa kutoa majimaji na kuambua vipande vyeupe. Changanya na dawa yenyewe iliyoyeyuka, umepata picha ya kutisha ya kumwonyesha mteja. Mwanamke mzima asiye na tatizo lolote akiviweka, naye atatoa hivyohivyo.

Uke una bakteria wake walinzi wanaotengeneza asidi na kuzuia vijidudu vibaya visizaliane. Ukiwaua kwa vidonge, mvuke, sabuni au maji ya ndimu, unafungua njia kwa maambukizi, nayo yakipanda juu yanaweza kuacha makovu kwenye mirija. Yaani unalipa pesa kutibu mirija isiyoumwa, kwa kitu kinachoweza kuiziba. Nakasirika nikiandika haya kwa sababu naletewa waliokwisha kufika huko.

Mirija inazibwa hasa na kisonono na klamidia zisizotibiwa, maambukizi baada ya kujifungua au kutoa mimba kienyeji, wakati mwingine kifua kikuu. Sindano haizibi. Wala hakuna mashine ya kushika mkononi inayoiona, hata ikichapa kurasa kumi za majibu ya ini, figo na kizazi kwa mpigo. Mirija hupimwa kwa picha ya eksirei, dawa maalumu ikipitishwa kwenye mlango wa kizazi, na wewe kwa sasa huihitaji. Akija mtu na neno «sugu», UTI sugu, fangasi sugu, PID (maambukizi ya kizazi na mirija) sugu, muulize kipimo gani cha maabara kimesema hivyo. Nimeona wanawake waliotibiwa «UTI sugu» miaka miwili bila mkojo wao kuoteshwa maabara kuona kama una vijidudu hata mara moja.

Kwa upande wako: kipimo kikisema huna mimba, subirini, mkikutana kila baada ya siku mbili tatu, na anza vidonge vya foliki asidi. Agosti ikifika bila hedhi, nenda kliniki ya wanawake Temeke au hospitali iliyo karibu, upimwe homoni ya prolaktini, tezi ya shingo na ultrasaundi. Ikiwa hedhi imerudi na mwaka wa kujaribu umepita bila mimba, nenda na mumeo. Kupima mbegu zake ni rahisi kuliko vipimo vyako vyote, na asiachwe nyumbani kama vile mtoto ni shughuli yako peke yako.

Usingoje Agosti ukipata homa, maumivu chini ya kitovu au majimaji yenye harufu kali baada ya vile vidonge. Na kipimo kikionyesha una mimba huku tumbo linauma upande mmoja au unasikia kizunguzungu, nenda hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku: mimba inaweza kuwa imetunga nje ya kizazi.