Fundi anajibu: 2H ya baba imechoka, nifunge injini gani?

SWALI: Shikamoo fundi. Marehemu baba aliniachia Land Cruiser pikapu, HJ75 ya mwaka 1988. Inabeba vitunguu kutoka Mang'ola kwenda Karatu msimu mzima. Injini ni 2H, ile ile iliyokuja nayo. Sasa inakula oili lita moja kila safari mbili, na asubuhi nikiiwasha moshi unafunika uwanja. Fundi wetu wa hapa anasema kranki imeshachongwa hadi mwisho, hakuna ovahoo nyingine, nitafute 1HZ ya mtumba. Rafiki yangu wa Arusha anasema kama nashusha injini, bora nipandishe 1HD-FTE, ile ya tabo (turbo, inayoisukumia injini hewa zaidi) yenye kompyuta, mlima nitausahau. Nimfuate nani? — Msomaji, Mang'ola

JIBU: Marahaba mwanangu. Pole kwa kuondokewa na mzee. Gari la 1988 ambalo bado linapanda na magunia ya vitunguu linaonyesha kwamba mwenyewe alilijali.

Mfuate fundi wako wa Mang'ola. Funga 1HZ.

Nitakueleza sababu, maana rafiki yako hajadanganya. 2H ina ukubwa wa sisi (cc) 3,980, haina tabo, na valvu zake zinasukumwa na fito kutoka chini. 1HZ ilianza 1990, ina sisi 4,164 na kemshafti, ile shafti inayofungua valvu, iko juu kwenye silinda hedi. Haina tabo nayo, lakini utasikia tofauti siku ya kwanza ukiwa na mzigo. 1HD-FTE ina sisi hizo hizo 4,164, ila kwa tabo na kompyuta inavuta karibu mara moja na nusu ya 1HZ. Kwenye lami ni raha tupu.

Wewe huishi kwenye lami. Pampu ya dizeli ya FTE inaongozwa na kompyuta, kompyuta inasoma sensa, na sensa zinategemea nyaya ambazo gari lako halijawahi kuwa nazo. Siku moja sensa itagoma hapo bondeni, vitunguu viko juu, jua la Eyasi linapiga. Nani atakuja na mashine ya kuisoma? 1HZ inahitaji waya mmoja tu wa umeme kwenye pampu ili dizeli ipite. Ukikatika, injini inazima, ukiunga, inawaka. Hilo kijana yeyote mwenye tochi na kipande cha waya analiweza, na vipuri vyake vimejaa kila mji kwa sababu Land Cruiser za mkonga za mbuga zote zinatembea na injini hiyo. Tena breki na gia boksi yako vilipangwa kwa nguvu ya 2H. Ukiongeza nguvu kiasi kile, utaanza kubadilisha kitu kimoja baada ya kingine, na hela ya msimu itaishia gereji.

Sasa sikiliza vizuri, maana wengi huharibikiwa hapa. Injini yenyewe ni sehemu tu ya kazi. Ukitenga fedha ya kununua 1HZ, tenga karibu nusu yake tena pembeni. Usikubali kununua injini kavu. Idai ije na nyumba yake ya klachi, flaiwili, stata, oltaneta, pampu ya vakyumu ya breki na mikono ya kuikalisha kwenye chasi. Gia boksi yako ya gia tano inaweza kubaki, lakini haitakaa kwenye 1HZ kwa nyumba ya klachi ya 2H. Na vikalio vya injini kwenye chasi haviko pale pale. Mwambie fundi aikalishe injini kwanza, aipime mpaka shafti zisimame katika mstari wake, ndipo achomelee. Nimeona gari lililochomelewa kwa haraka. Lilitetemeka mpaka likala misalaba ya shafti ndani ya miezi michache.

Kabla hujalipa, soma kibandiko cha stata. Injini nyingi za Japani zimetoka kwenye magari ya volti 24, na gari lako nadhani ni la volti 12. Hita plagi nazo ziangalie. Ukiziwekea volti 24 wakati ni za 12, zinaungua asubuhi ya kwanza.

Suala la rejeta nalibeba moyoni. Mwaka 2011 nilimfungia 1HZ mzee mmoja aliyekuwa akibeba mzigo njia hiyo hiyo yako. Fedha ilimwishia, akaniomba tuache rejeta ya zamani. Nikakubali. Nikaacha pia sensa ya joto bila kuilinganisha na geji ya dashibodi. Alipoanza kupanda kutoka bondeni na magunia, mshale ulikuwa katikati, umetulia, yeye akaamini. Rejeta nusu yake ilikuwa imeziba kwa tope la miaka. Silinda hedi ikapasuka. Kosa lilikuwa langu, maana yeye alikuwa mkulima na mimi ndiye niliyejua. Hedi niliinunua mwenyewe, lakini vitunguu vyake viliozea njiani na hivyo sikuweza kumrudishia. Tangu siku hiyo sifungi injini bila rejeta yenye nafasi ya kutosha, kava la feni lisilo na pengo, na geji niliyoijaribu kwa maji yanayochemka mbele ya mwenye gari. Nawe usimruhusu fundi akuwashie gari kabla hujayaona hayo matatu.

Kuna jambo ambalo baba yako hakuwa na haja ya kulijua. 2H taimingi yake, yaani kinachofanya valvu zifunguke kwa wakati wake, ni gia, haina mkanda. 1HZ ina mkanda, na unabadilishwa kila kilomita 100,000. Magari yaliyozaliwa na 1HZ yana taa ya T-BELT kwenye dashibodi ya kukumbusha. Dashibodi yako haina. Mkanda wa injini ya mtumba hujui umetembea kiasi gani, kwa hiyo weka mpya injini ikiwa bado chini, pamoja na tensheni yake. Kisha andika kilomita kwa rangi chini ya boneti. Mkanda ukikatika mlimani, pistoni zinagonga valvu.

Dizeli pia. Pampu ya 2H inalainishwa na oili ya injini, ndiyo maana ilivumilia mengi. Ya 1HZ inalainishwa na dizeli yenyewe inayopita ndani yake. Dizeli ya kwenye madumu iliyochanganywa na mafuta ya taa itaimaliza. Jaza Karatu kwenye kituo, na filta usiionee uchungu.

Halafu kadi. Kadi ya gari ina namba ya injini na ukubwa wake. Tunza risiti ya injini yenye namba, uende TRA wabadilishe, tena mapema. Askari akifungua boneti akakuta namba nyingine, utaonekana mwizi kwa gari la baba yako.

SWALI: Fundi, habari za kazi. Mimi tayari nina 1HZ kwenye HZJ79. Kuna mtu ananiuzia tabo ya kuongezea. Nifunge? — Msomaji, Babati

JIBU: Nzuri, ndugu yangu. Hapana. Hedi ya 1HZ ina vyumba vidogo ambamo dizeli huanza kuungua kabla ya kuingia kwenye silinda, na joto la tabo huipasua hapo hapo. Wapo wanaofunga na wakadumu, lakini hao wameweka geji ya joto la ekzosi, wanapunguza dizeli, na mguu wao ni mwepesi. Ukiwa na dereva wa kuajiriwa, huna uhakika na mguu wake. Kama gari limepoteza nguvu, peleka nozeli zikapimwe kwanza, na utoe filta ya hewa uiangalie kwenye mwanga. Vumbi la kiangazi huko kwenu linaweza kuiziba kwa wiki moja.