Tabora Boys: ilijengwa kwa watoto wa machifu, ikatulea sisi

Dada, umeuliza kama kijana wako aliyechaguliwa kidato cha tano Tabora Boys anakwenda shule au anakwenda jeshini, na kwa nini baba mkwe wako alifurahi mno aliposikia jina hilo. Nilisoma pale miaka miwili, katikati ya miaka ya 1990. Nivumilie nikijibu kwa kirefu, kwa sababu tabia ya shule ile huielewi mpaka ujue ilijengwa kwa ajili ya nani.

Ilijengwa kwa ajili ya watoto wa machifu. Waingereza walipokabidhiwa Tanganyika baada ya Vita Kuu ya Kwanza hawakuwa na watu wala fedha za kuweka Mzungu kila pembe ya nchi. Wakaamua kutawala kwa kupitia machifu, na aliyeusuka mpango huo hasa ni Gavana Donald Cameron, aliyefika 1925. Sheria yake ya mamlaka za wenyeji ikatoka 1926. Chifu wa mpango huo alitakiwa kukusanya kodi, kutunza hazina, kuamua kesi na kuandikiana barua na bwana shauri, yaani ofisa Mwingereza wa wilaya. Kama baba hakujua kusoma, mwanawe ilibidi ajue. Ndipo katika miaka hiyohiyo ya 1920 serikali ikafungua shule ya bweni Tabora, na wavulana waliotafutwa kwanza walikuwa wale watakaorithi viti vya baba zao. Mahali palifaa. Njia za misafara zilikutana pale tangu zamani, na reli kutoka Dar es Salaam ilikuwa imefika 1912.

Mfano walioufuata ni shule za bweni za wakubwa wa Uingereza, hata watu wakaiita Eton ya Tanganyika, kwa jina la shule maarufu ya wakubwa kule Uingereza. Mabweni yakishindana, viranja wakiwa na mamlaka makubwa, michezo jioni. Mkoloni alitegemea kwamba mtoto wa mtawala akilelewa na watoto wa watawala wenzake, atarudi kwao kutawala kwa namna anayoitaka serikali.

Haikwenda hivyo. Mwaka 1937 aliingia mtoto wa Chifu Burito wa Wazanaki, Julius Kambarage Nyerere. Michezo hakuipenda sana, ila alishiriki kuanzisha kikosi cha skauti na chama cha midahalo. Walimu walitaka awe kaka mkuu. Mkuu wa shule akakataa, akisema kijana huyu ni mpole mno kwa kazi hiyo. Alitoka pale akaenda chuo cha Makerere, Uganda, na mwaka 1963 serikali yake ndiyo iliyofuta utawala wa machifu nchi nzima. Abdallah Fundikira, wa ukoo wa watawala wa Unyanyembe palepale Tabora, naye alipitia shule hiyo na Makerere, kisha akawa waziri baada ya uhuru. Akaja Rashidi Kawawa kutoka Songea, ambaye baba yake alikuwa mwindaji wa tembo, hakuwa na kiti cha kumrithisha mtu. Mwaka 1962 huyo ndiye aliyekuwa waziri mkuu.

Nimeliwaza sana jambo hili, na naona jibu liko bwenini. Ukiwaweka wavulana arobaini chumba kimoja, kila mmoja kwao akipigiwa magoti, hakuna atakayempigia mwenzake. Wote wanaamka kwa kengele moja. Mkoloni alileta warithi wakae pamoja ili wajione wakubwa, wao wakajikuta wako sawa. Hilo ndilo lililobaki hata machifu walipoondoka, na mimi nililikuta.

Nilikwenda kwa treni ya Reli ya Kati, daraja la tatu, nimekalia trunka langu kutoka Dar. Kituo cha Saranda nikanunua kuku, nikala nusu, nusu nikaihifadhi, maana sikujua huko mbele kuna nini. Baba yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Kitanda cha chini yangu alilala kijana mmoja mtaratibu, anafua sare zake mwenyewe, anapanga foleni ya ugali na maharage kama sisi. Ilipita miezi minne ndipo nikajua baba yake ni mkubwa serikalini. Yeye hakusema, nasi hatukuuliza. Tulichoulizana ni kombi gani, yaani masomo gani matatu, unasoma, na kama unaweza kumwelekeza mwenzio kemia kabla ya mtihani.

Sasa hilo la jeshi. Ni kweli, shule inajulikana kwa kwata na gwaride, na kijana wako atajifunza kusimama wima hadi miguu izoee. Usiogope hilo. Kwenye kwata, ukikosea hatua mstari wote unaonekana mbovu na mnarudia wote, kwa hiyo mwenye kasi anajifunza kumngoja mwenzake. Mimi nilikuwa mtu wa kutangulia peke yangu, na pale ndipo nilipoacha.

Kigumu zaidi ni darasa. Hii ni mojawapo ya shule za vipaji maalumu, maana yake kila anayeingia alikuwa wa kwanza alikotoka. Muhula wa kwanza nilishika nafasi ya thelathini na kitu. Nililia usiku, nimejifunika shuka, na baadaye nikagundua hata wa kitanda cha chini alikuwa analia. Tukaanza kupiga msuli, yaani kujisomea kwa bidii, pamoja, yeye hesabu, mimi fizikia, hadi kidato cha sita. Mpaka leo ndiye ninayempigia simu kwanza nikipata msiba. Kwa hiyo dada, ripoti ya kwanza ikija na namba usiyoizoea, usimgombeze. Mwulize anasoma na nani.

Kama ni mkimya kama ulivyoandika, mwambie aende kwenye mdahalo hata kama atakaa nyuma tu miezi ya mwanzo. Mimi nilikaa nyuma hadi muhula wa tatu.

Na mnunulie blanketi zito. Watu wa Pwani tunadhani bara lote ni joto, lakini Tabora iko juu, na usiku wa Julai nililala na sweta, soksi na taulo juu yake.